Mcheza Kwao Hatunzwi: Jinsi Uchapishaji wa Kitaaluma Ulivyohama Nyumbani

Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha mhadhiri wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mzaliwa wa Guyana, Walter Rodney. Kitabu hicho ni How Europe Underdeveloped Africa. Kilichapishwa kwa pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Bogle-L'Ouverture, shirika dogo la wanaharakati wenye asili ya Karibi waliokuwa wakiishi London. Rodney aliwashukuru katika dibaji vijana wa chuo walioupitia mswada wake. Hapakuwa na faharasa ya kimataifa iliyokipa kitabu hicho cheti cha ubora. Hata hivyo kilienea Afrika, Karibi na Marekani, na zaidi ya nusu karne baadaye bado kinasomwa, kinapingwa na kutetewa.

Tujiulize swali la kiofisi. Mhadhiri kijana akiandika leo kazi ya namna hiyo, akaichapisha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kamati ya kupandisha vyeo itaanza kuuliza nini? Itauliza inasema nini, au itauliza imetoka wapi? Kila anayefahamu vikao hivyo anajua jibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika taaluma yetu ya leo, mcheza kwao huulizwa kwanza kwa nini hakwenda kuchezea kwa watu.

Ni rahisi kudhani kwamba mambo yamekuwa hivi daima, au kwamba yamekuwa hivi kwa sababu ya ubora peke yake. Historia inaonyesha vingine. Uchapishaji wetu wa kitaaluma ulidhoofishwa na uchumi, ukabanwa na soko, kisha ukazuiwa kurudi nyumbani na kanuni ambazo tumeziandika kwa mikono yetu wenyewe.

Tuanze na nyumba zilizojengwa. Jarida linaloitwa leo Kiswahili lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo cha serikali za kikoloni. Baada ya uhuru likawa la watafiti wa Dar es Salaam. East African Publishing House ilianzishwa Nairobi mwaka 1965. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Tanzania Publishing House, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Mwaka huohuo wa 1966 kikaundwa Chama cha Historia cha Tanzania. Mwaka 1969 kikatoka kitabu A History of Tanzania, kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu na kuchapishwa Nairobi. Mwaka 1971 likaanza Transafrican Journal of History, na mwaka 1976 Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii cha Dar es Salaam kikaanzisha jarida la Utafiti.

Tuutazame mfululizo huo vizuri. Katika miaka kama kumi hivi, eneo lililokuwa likipokea historia yake kutoka kwa maofisa wa kikoloni lilikuwa na vyama vya wanataaluma, wahariri, wachapishaji na majarida yake. Mwandishi, mhakiki na msomaji waliweza kukaa katika mji mmoja wakabishana. Hicho ndicho tulichokipoteza, na thamani yake inazidi rundo la vitabu.

Mfano bora wa mabishano hayo ni jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilichapisha makala ndefu ya Issa Shivji, The Silent Class Struggle, iliyohoji ni tabaka gani hasa lililokuwa likinufaika na sera ya ujamaa na mashirika ya umma. Novemba mwaka huohuo Cheche ilipigwa marufuku pamoja na umoja wa wanafunzi ulioiandaa. Lakini hoja haikufa. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House, shirika la umma, iliichapisha makala ileile ikiambatana na majibu ya wasomi wengine, Rodney akiwa mmojawapo. Dola iliyofunga jarida haikuweza kuufunga mjadala, kwa kuwa palikuwa na mchapishaji aliyekuwa tayari kuubeba. Meneja wa shirika hilo tangu mwaka 1972 alikuwa Walter Bgoya, ambaye baadaye, mwaka 1991, alianzisha Mkuki na Nyota.

Sisemi haya ili kuipamba enzi iliyopita. Majarida mengi ya wakati huo yalichelewa kutoka, baadhi yalikufa baada ya matoleo machache, na marufuku ya Cheche yanatukumbusha kwamba mchapishaji wa nyumbani anaweza kubanwa na mkuu wa nyumbani. Hata hivyo, udhaifu wa chombo ni sababu ya kukitengeneza. Sisi tulikiacha.

Pigo la kwanza lilikuwa la kiuchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na soko moja la vitabu likakatwa vipande vitatu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vikafuata. Karatasi ikawa adimu. Maktaba za vyuo zikasitisha kununua majarida, na masharti ya marekebisho ya kiuchumi, ambayo Tanzania iliyakubali rasmi mwaka 1986, yakazidi kubana matumizi ya elimu ya juu. Mhadhiri aliyehitaji kulisha familia aligeukia ripoti za ushauri elekezi kwa wafadhili. Utafiti uliendelea, lakini matokeo yake yaliishia kwenye makabati ya ofisi bila kufika mbele ya umma.

Wakati huohuo, huko Kaskazini, jarida la kitaaluma lilikuwa limegeuka kuwa biashara kubwa. Robert Maxwell alikuwa ameijenga Pergamon Press tangu mwaka 1951 kwa kutambua jambo moja: maktaba ya chuo haiwezi kusema kwamba jarida moja litatosha badala ya jingine. Mwaka 1991 aliiuza kwa Elsevier kwa pauni milioni 440. Huko Philadelphia, Eugene Garfield alikuwa ametoa mwaka 1964 faharasa inayoonyesha nani amenukuliwa na nani. Kutokana nayo kikazaliwa kigezo cha athari, kilichokusudiwa kusaidia kuchagua majarida. Kipimo cha majarida kikageuzwa polepole kuwa kipimo cha watu. Mwaka 2004 Elsevier nayo ikaanzisha faharasa yake, Scopus. Hivyo kampuni inayouza majarida ndiyo pia inayomiliki orodha ya majarida yanayostahili kuhesabiwa. Sokoni kwetu, mwenye duka akimiliki na mizani, mnunuzi hukagua mara mbili.

Mtandao ulileta matumaini. Mwaka 1998 ilianzishwa huduma ya African Journals Online ili majarida ya Afrika yaonekane popote. Baadaye makao yake yakahamia Afrika Kusini. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka utafiti usomwe bure na kila mtu. Lakini bure ya msomaji ikawa deni la mwandishi. Majarida mengi yakaanza kudai ada ya kuchapisha makala. Mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada inayofikia euro 9,500 kwa makala moja, kiasi kinachozidi mshahara wa miezi kadhaa wa mhadhiri wetu. Kuna misamaha kwa nchi maskini, ni kweli, lakini msamaha ni hisani, na hisani haipangiwi bajeti. Katika pengo hilo wakaingia matapeli: majarida ya kilaghai yanayopokea fedha na kuchapisha chochote kwa siku chache. Tunawalaumu vijana wanaonaswa. Tunasahau kwamba mtego huo hunasa vizuri pale mwajiri anapodai idadi ya makala bila kumpa mtafiti muda, fedha wala mhariri.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kanuni. Soko la Elsevier hatulitawali. Kanuni za kupandisha vyeo tunazitawala. Kenya, kwa mfano, ilipata mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vinavyotoa alama kwa machapisho. Tanzania imeanzisha tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Nia ya hatua kama hizi ni njema, nami siwabezi waliotunzwa. Lakini kila alama na kila shilingi inayotolewa kwa kwenda nje ni ujumbe kwa aliyebaki nyumbani. Mtafiti akichunguza mgogoro wa ardhi wa Kilosa, alama zake zitategemea jarida ambalo ofisa ardhi wa Kilosa hawezi kulilipia, katika lugha ambayo mkulima wa Kilosa haisomi.

Hata nyumba tulizozijenga zimeanza kupata wapangaji wapya. Utafiti, jarida lililozaliwa Dar es Salaam mwaka 1976, sasa linachapishwa na Brill ya Leiden, Uholanzi. Wahariri wanaochagua njia hiyo wanafanya hesabu ya busara katika mazingira waliyopewa, maana jarida lisiloonekana hufa. Kinachopaswa kutushughulisha ni hayo mazingira.

Kwa wanafunzi: dai kwamba tasnifu zenu zipatikane wazi katika hazina za vyuo, na mziandikie muhtasari wa Kiswahili. Kwa watumishi wa umma: utafiti uliolipiwa na kodi na kuchapishwa mahali ambapo wizara husika haiusomi ni hasara ya umma, nayo istahili kuhojiwa kama hasara nyingine. Kwa wajumbe wa seneti: someni kazi yenyewe kabla ya kuuliza jina la jarida, na uhariri wa jarida la nyumbani upewe uzito sawa na kuandika makala. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ruhusa ya Amsterdam wala Philadelphia.

Kuchapisha, kwa maana yake ya awali, ni kuweka jambo mbele ya umma. Kizazi cha mwaka 1970 kilikuwa na karatasi chache na maadui wengi, lakini kilijua umma wake ni upi. Sisi tuna mitandao, hazina za kidijitali na maelfu ya watafiti, na bado tunaandika tukimtazama mhakiki asiyetufahamu. Swali la kuchapisha wapi ni swali la kuandika kwa ajili ya nani. Hilo kanuni zetu zimekwisha kulijibu kwa niaba yetu, na kwa kuwa ni zetu, tunaweza kuzibadilisha.