Galaksija: kompyuta iliyopita kwenye redio



Leo tuongee juu ya mashini moja ambayo wengi wetu hatukuisikia hata siku moja katika somo la informatika. Inaitwa Galaksija. Ilizaliwa mwaka 1983 huko Yugoslavia, inchi ambayo leo haiko tena kwenye karte ya dunia. Hakuna kiwanda kikubwa kilichoitengeneza kwanza. Watu walijijengea wenyewe, kila mmoja kwenye meza ya nyumba yake, na chuma cha kulehemu mkononi.

Tuanze na hali ya inchi. Yugoslavia ilikuwa ya kisoshalisti, lakini haikutii Moscow. Njo maana mkutano wa kwanza wa inchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika kwao Belgrade, mwaka 1961, na Kongo yetu ilikuwa na wajumbe pale. Watu wa Yugoslavia waliweza kusafiri na kusoma magazeti ya ngambo. Kwa hiyo kompyuta za nyumbani walizijua vizuri: ZX Spectrum ya Uingereza, Commodore 64 ya Marekani. Kuona waliona, kununua njo ilikuwa shida. Sheria ya duane haikuruhusu mtu kuingiza kitu cha kupita marka 50 za Ujerumani. Na Spectrum ya bei ya chini kabisa iliuzwa paundi 125 mwaka 1982, ni kusema mara nyingi kupita kiwango kile. Wengine waliipitisha mpakani kwa kuificha ndani ya mizigo. Sisi watu wa Bunagana, Kavimvira na Kasumbalesa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, mwaka 1983, fundi mmoja anayeitwa Voja Antonić alikuwa kwenye likizo huko Risan, pwani ya Montenegro. Wengine walioga baharini, yeye alisoma kitabu cha maelezo ya prosesa. Wazo likamuingia. Kompyuta nyingi za wakati ule zilitumia chipu ya pekee kwa kazi ya kuchora picha kwenye televizyo, na chipu ile ilikuwa ghali na ya kutafutwa. Antonić akajiuliza: juu ya nini prosesa yenyewe isifanye kazi hiyo? Aliporudi nyumbani akachukua Z80, prosesa ya bei nafuu iliyopatikana kwa urahisi, akafaulu. Bila shaka kulikuwa na bei ya kulipa: prosesa ilipoteza muda mwingi kwa kuchora, ikabakiwa na muda kidogo wa kuhesabu. Lakini mashini ikawa na vipande vichache, na kila kipande kinachopungua ni pesa inayobaki mfukoni.

Kila kitu kilibanwa. Lugha yake ya BASIC pamoja na programu zote za ndani ziliingia katika kilobaiti 4. Andiko hili unalosoma sasa, peke yake, lisingeenea humo! Hata ujumbe wa makosa ulikuwa wa aina tatu tu: WHAT? kama mashini haielewi ulichoandika, HOW? kama inaelewa lakini haiwezi kufanya, na SORRY kama kumbukumbu imejaa. Ubao wa saketi nao ulipangwa kuwa na njia za shaba upande mmoja tu, ili kuutengeneza kusiwe kazi ngumu.

Mpaka hapa ni historia ya mtu mmoja mwenye akili. Ya kama hiyo ziko nyingi. Inayofuata njo inafanya Galaksija iwe tofauti.

Antonić hakufunga mchoro wake ndani ya sanduku. Alikutana na mwandishi kijana, Dejan Ristanović, na gazeti la sayansi lililoitwa Galaksija likakubali kutoa toleo la pekee juu ya kompyuta za nyumbani. Lilitoka mwisho wa mwaka 1983, na ndani yake kulikuwa na mchoro kamili: ubao, orodha ya vipande, maelezo ya kujenga hatua kwa hatua. Mashini ikapata jina la gazeti. Walichapisha kwanza nakala 30.000, zikaisha, wakachapisha tena mpaka karibu 100.000. Na watu walioagiza vipande ili wajenge walipita 8.000.

Waza kidogo: maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi, kila mmoja analehemu mashini ileile kwake. Boksi ya nje kila mtu alijitengenezea, kwa hiyo Galaksija zilizojengwa nyumbani zilitofautiana sura. Mtu akikwama, anatafuta mwenzake aliyemaliza yake. Ujuzi ulitembea hivyo, kutoka nyumba hadi nyumba.

Programu je, zilitembea namna gani? Intaneti haikuwako kwao. Kompyuta zile ziliweka programu kwenye kaseti ya kawaida, kama sauti. Basi Zoran Modli, mtangazaji wa Radio Beograd 202, katika kipindi chake Ventilator 202, akaanza kupitisha programu hewani. Anawaambia wasikilizaji watayarishe kaseti, kisha redio inapiga kelele ya ajabu kwa dakika kadhaa, kelele ambayo sikio la mtu halielewi kitu. Ulikuwa unarekodi, unapeleka kaseti kwenye mashini, na mchezo unafunguka. Tena wasikilizaji walituma programu walizoandika wenyewe, zikapitishwa kwa wengine. Ile ndiyo ilikuwa « kudownload » ya mwaka 1983, bila hata mega moja.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini Galaksija ilishindwa. Ni kweli. Baada ya miaka michache kompyuta za ngambo zilijaa, na hakuna aliyeweza kulinganisha mashini ya rangi mbili, isiyo na sauti, na Commodore. Kisha miaka ya 1990 ikaleta vita, na inchi yenyewe ikavunjika vipande. Mwaka 1995 Antonić mwenyewe, akifikiri hakuna anayejali tena, alitupa mashini zake za kwanza pamoja na makaratasi yake. Moja iliyokuwa imepotea ilikuja kuonekana baadaye, ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Sayansi na Teknolojia, Belgrade.

Sasa angalia vizuri. Inchi ilikufa, mwenye kubuni alitupa makaratasi yake, lakini mpaka leo kuko watu wanaojenga Galaksija mpya wakifuata mchoro ule. Inawezekana juu mchoro ulikuwa umekwisha kuingia katika nyumba nyingi sana. Kile ambacho mtu mmoja anakifungia, moto mmoja au vita moja inatosha kukimaliza.

Hapa njo historia hii inatugusa siye. Mafundi wetu wa telefone wanafufua mashini ambazo watengenezaji wake walishasema zimekufa, lakini ujanja wao wengi hawauandiki popote, na fundi akihama anaondoka nao. Na siye wenye diploma, TFC na memwari zetu ziko wapi? Nyingi zinakula vumbi kwenye rafu ya bibliyoteke, na umejua mwenyewe maktaba ngapi za kwetu zimeporwa ao kuungua.

Kwa hiyo nawaachia swali moja: kati ya vitu ulivyojifunza kutengeneza kwa mikono yako, ni kipi umekwisha kumwandikia mwenzako hatua kwa hatua, hata aweze kukijenga bila wewe kuwa pale?