Chumba cha Kigothi cha Mwanasesere: Historia ya Jiwe Lililofinyangwa kwa Karatasi

Fundi anayemtengenezea mwanasesere chumba cha mtindo wa Kigothi mara nyingi huanza na trei ya mayai, ile ya karatasi iliyosagwa, ambayo huikata vipande vidogo mithili ya matofali, akavibandika ukutani kwa gundi na kuvipaka rangi nyeusi, kisha akapitisha juu yake brashi iliyokaribia kukauka yenye rangi ya kijivu, ili kingo zing'ae na mianya ibaki na giza, hata jicho liamini kwamba linaona jiwe. Kazi hiyo huonekana kuwa mzaha ikilinganishwa na makanisa makuu ya Ulaya, lakini historia ya mtindo wenyewe inaonyesha kwamba udogo na uigaji vimo ndani yake tangu kale.

Jina la mtindo huo lilitokana na dharau, kwa kuwa waandishi wa Italia wa karne ya 16, akiwemo Giorgio Vasari, waliuona kuwa wa kishenzi na wakaunasibisha na Wagothi, watu walioiteka Roma karne nyingi kabla, ambao kwa hakika hawakuhusika nao hata kidogo. Ulichipuka Ufaransa, katika kanisa la abasia ya Saint-Denis karibu na Paris, ambalo sehemu yake ya madhabahu ilitabarukiwa mwaka 1144, na alama zake kuu ni dari lenye mbavu za mawe, madirisha marefu ya vioo vya rangi, na tao lililochongoka kileleni. Tao hilo si geni kwa aliyezuru magofu ya Gede au Kilwa Kisiwani. Wajenzi wa Kiislamu walilitumia mapema, kama inavyoonekana katika msikiti wa Ibn Tulun jijini Kairo, uliokamilika mwaka 879.

Masonara wa Ulaya wa zama za Kigothi walitengeneza makasha ya kuhifadhia masalia ya watakatifu yenye umbo la kanisa kamili, pamoja na paa, minara na madirisha yake, madogo kiasi cha kubebwa mikononi. Mfalme Louis wa Tisa alipojenga Sainte-Chapelle jijini Paris, iliyotabarukiwa mwaka 1248 ili kutunza taji aliloamini kuwa ni la miiba la Yesu, jengo zima lilikuwa kama kasha la sonara lililokuzwa hadi watu waweze kuingia ndani. Mwanzoni mwa karne ya 16, wachongaji wa Uholanzi na Flandria walitengeneza tufe za mbao za kusalia, ambazo kila moja iliweza kushikwa kiganjani na, ikifunguliwa, ilionyesha matao na umati wa watu waliochongwa kwa wembamba wa kustaajabisha.

Aliyeuleta mtindo huo sebuleni ni Horace Walpole, Mwingereza ambaye kuanzia mwaka 1749 aliigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill, Twickenham, kuwa kasri la kuigiza. Dari la ukumbi wake mkubwa, lililoiga lile la kanisa dogo la Henry wa Saba katika Abasia ya Westminster, halikuwa la mawe bali la karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa. Kuta za ngazi zilifunikwa kwa karatasi iliyochorwa nakshi za Kigothi, na kaburi la mwana wa mfalme likawa kielelezo cha pambo la mahali pa kuotea moto katika maktaba. Kwa hiyo fundi wa trei ya mayai hamdanganyi mwanasesere wake zaidi ya Walpole alivyowadanganya wageni wake.

Walpole huyohuyo alichapisha riwaya ya The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764, na kutoka hapo neno Kigothi likaanza kumaanisha pia hofu, mizimu na usiku. Ndiyo sababu vyumba vingi vya wanasesere leo hupakwa weusi na kutundikwa utando wa buibui, ilhali makanisa ya Kigothi yalipakwa rangi kali na dhahabu, na wajenzi wake walitafuta nuru kuliko kitu kingine chochote. Weusi huo ni urithi wa riwaya, si wa mjenzi.

Kipimo kilichozoeleka ni moja kwa kumi na mbili, ambapo ukuta wa mita 3 huwa wa sentimita 25. Ndicho kilichotumiwa katika vyumba vya Narcissa Niblack Thorne, vilivyotengenezwa na mafundi aliowaajiri katika miaka ya 1930, ambavyo 68 kati yake vimo katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago, kikiwemo kimoja cha kanisa la Kiingereza la Kigothi la karne ya 13. Hakuna mwanasesere hata mmoja ndani ya vyumba hivyo. Taa zimefichwa nje ya madirisha, ili mwanga uingie chumbani kama unavyoingia kanisani, kupitia kioo kwanza.