Pasaka Mikononi mwa Watoto



Juma Kuu linapokaribia, wazazi wa Tanga huhangaika na nguo za watoto, mchele na kitoweo. Hatuna neno baya juu ya hayo, kwani sikukuu ni sikukuu. Lakini watoto wetu wanakua bega kwa bega na watoto wa Kiislamu, na wenzao hao hujua kwa nini nyumbani kwao watu wamefunga na kwa nini Idi imefika. Siku mmoja wao akiuliza, “Pasaka yenu ni nini?”, mtoto wetu atajibu nini? Akitaja nguo mpya na pilau tu, kosa si lake. Ni letu tuliomwachia sherehe bila maana yake.

Juma hili tutazame historia ya pwani yetu, kwa sababu inatufundisha jambo.

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha shirika la Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto Wakatoliki sala fupi kila siku na sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Sarafu hizo zilifika hata huku kwetu. Mwaka 1860 Padre Armand Fava na wenzake walitoka kisiwa cha Réunion wakafungua misheni Unguja. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu, nao mwaka 1868 wakavuka na kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa humo, na sehemu ya gharama ililipwa na fedha ya Utoto Mtakatifu.

Watoto hao walifundishwa katekisimu, na pamoja nayo kazi za mikono: useremala, uhunzi na kilimo, na wasichana ushonaji chini ya masista. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mepesi. Nidhamu ilikuwa kali, kazi ilikuwa nyingi, na watoto hawakuulizwa wanapenda nini. Hata hivyo tukumbuke kwamba watoto wale walikuwa wametengwa na wazazi wao. Misheni iliwafundisha kila kitu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuwafundisha.

Hapa kwetu Tanga eneo letu lilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1950, na Jimbo mwaka 1958, chini ya malezi ya Wamisionari Warosmini. Leo watoto wetu wana baba, mama, bibi na babu. Lakini mara nyingi tunawapeleka kwa katekista kana kwamba ni yatima wa imani, halafu nyumbani hakuna anayewauliza wamejifunza nini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Hata Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 12, aliwaagiza wazazi, wala si makuhani, kuwaeleza watoto watakapouliza maana ya Pasaka.

Mtoto hujifunza vizuri anachokishika. Ndiyo maana ishara lazima ionekane. Kwa karne nyingi ibada ya Mkesha ilikuwa imesogezwa hadi asubuhi ya Jumamosi Kuu, na Mshumaa wa Pasaka ukawashwa jua likiwaka. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliruhusu Mkesha urudi usiku, na kuanzia mwaka 1956 ikawa ni utaratibu wa Kanisa lote la Kilatini. Tangu hapo hata mtoto mdogo anaona giza likishindwa.

Basi, tufanye nini nyumbani? Vitu tunavyo.

Dominika ya Matawi, bibi ajuaye kusuka mikeka na makawa amfundishe mjukuu kusuka msalaba mdogo wa ukindu. Wakisuka, amsimulie jinsi umati ulivyomshangilia Bwana, na jinsi siku chache baadaye kelele zilivyogeuka. Msalaba huo ukae ukutani mpaka matawi yatakaporudishwa kanisani kuchomwa kwa ajili ya Jumatano ya Majivu.

Ijumaa Kuu, baba na watoto waweke kifuu cha nazi juu ya mchanga kiwe kaburi, na jiwe mlangoni. Usiku wa Mkesha wazazi waliondoe jiwe. Asubuhi mtoto akute kaburi wazi na tupu, aulize, naye ajibiwe.

Mshumaa wa kawaida wa dukani uchorwe msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka. Mahali pa chembe tano za ubani pachomekwe karafuu tano, ukumbusho wa majeraha matano ya Bwana. Uwashwe mezani katika siku 50 za Pasaka.

Na yai je? Zamani Wakristo walijinyima mayai wakati wa Kwaresima, na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kina sala ya kuyabariki wakati wa Pasaka. Lichemsheni pamoja na maganda ya vitunguu lipate rangi, kisha mwambieni mtoto: kifaranga huvunja ganda na kutoka, na Kristo ametoka kaburini, hafi tena.

Samaki mkunje angali mbichi. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mzazi aketi chini pamoja na mwanawe. Mtoto aliyeliona kaburi tupu nyumbani kwao atakuwa na jibu la kumpa rafiki yake, na atalitoa kwa furaha, bila ubishi wala dharau.

Tunawatakia Juma Kuu takatifu na Pasaka yenye heri. Mungu azibariki nyumba zenu.