Ziwa Lililopigiwa Kura



Wahenga walituachia usemi kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Leo nakuletea historia ya mji mmoja ambao maji yake yaliharibika hadi yakanuka, kisha yakarudia usafi wake mbele ya macho ya watu walewale walioyaharibu. Mji huo ni Seattle, nchini Marekani, na ziwa lenyewe huitwa Ziwa Washington. Aliyeona hatari mapema alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, na walioiondoa walikuwa raia wa kawaida kwa karatasi zao za kura. Chuo hichohicho, miaka mingi baadaye, kilitoa utafiti mwingine unaotugusa sisi tunaosimama mbele ya ubao: utafiti kuhusu namna wanafunzi wanavyojifunza. Nitazisimulia habari hizi mbili pamoja, na mwishoni utaniambia kama kweli ni mbili.

Mji na ziwa lake

Ziwa Washington liko upande wa mashariki wa Seattle. Urefu wake ni kilomita 35 hivi, na palipo na kina kirefu hufikia mita 65. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ulimwaga maji taka yake ziwani bila kuyasafisha. Hatari ilipoeleweka, Seattle iliyageuza maji taka yake na kuyapeleka upande wa magharibi, kwenye mkono wa bahari uitwao Puget Sound. Kazi hiyo ilikamilika katika miaka ya 1930, na watu wakadhani shauri limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Vitongoji vilizidi kukua kandokando ya ziwa, kila kimoja kikiwa na utawala wake na bajeti yake. Kuanzia mwaka 1941 vilijenga mitambo ya kusafisha maji taka, na kufikia miaka ya 1950 mitambo ipatayo kumi ilikuwa ikitiririsha maji yake ziwani.

Hapa naomba tutulie kidogo, msomaji wangu. Maji yaliyotoka katika mitambo ile yalikuwa yamesafishwa. Uchafu wa kuonekana ulikuwa umetolewa, na vijidudu vya maradhi vimepunguzwa. Mtu angeyatazama asione kosa. Kumbe ndani yake ilibaki fosforasi, kirutubisho kilekile ambacho mkulima hukinunua ndani ya mfuko wa mbolea. Shambani fosforasi hukuza mahindi. Ziwani hukuza mwani. Mwani ni viumbe vidogo mno, ambavyo kimoja kimoja huvioni kwa macho. Vikipata chakula cha ziada na jua la kutosha, huongezeka hata maji yakageuka kijani mithili ya mchuzi wa mchicha. Wataalamu huita hali hiyo kuchanua kwa mwani, jina zuri kwa jambo baya. Vikifa, huoza, na kuoza huko hula oksijeni ambayo samaki huihitaji ili waishi. Vingine, vya kundi la sayanobakteria, huweza kutoa sumu inayodhuru watu na mifugo.

Mwalimu na daftari lake

Mwaka 1949 alifika chuoni hapo mtaalamu wa elimu ya maziwa, W. T. Edmondson. Alikuta urithi wa thamani: kumbukumbu. Mwaka 1933 watafiti wa chuo hicho, Victor Scheffer na Rex Robinson, walikuwa wamelipima ziwa hilo kwa makini, na mwaka 1950 mwanafunzi mmoja alilipima tena. Kwa hiyo Edmondson hakulazimika kutegemea masimulizi ya wazee kwamba zamani maji yalikuwa safi zaidi. Alikuwa na tarakimu za kulinganisha.

Mwaka 1955 sampuli za maji zilionyesha kiumbe kiitwacho Oscillatoria rubescens. Kwa mpita njia jina hilo halina maana. Kwa Edmondson lilikuwa kengele, kwa kuwa alijua habari za Ziwa Zürich la Uswisi, ambako kiumbe hichohicho kilijitokeza mwishoni mwa karne ya 19 wakati ziwa lile lilipokuwa likiharibiwa na maji taka ya miji iliyolizunguka. Alichokiona Seattle kilikuwa mwanzo wa hadithi ambayo mwisho wake alikwisha kuusoma.

Wakati huo wakili mmoja kijana, James Ellis, aliongoza kamati ya raia iliyochunguza matatizo ya mji na vitongoji vyake. Edmondson alimwandikia. Kamati ilipotaka kuelewa zaidi, msomi huyu hakuitumia makala ndefu ya kitaalamu. Aliandaa maandishi mafupi ya maswali na majibu, yakigusa mambo ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Ziwa limebadilika namna gani? Likizidi kulishwa mbolea hii itakuwaje? Je, haiwezekani kuua mwani kwa sumu, yakaisha?

Kisha akafanya jambo ambalo wasomi wengi hulikwepa: alitabiri hadharani. Alieleza kwamba maji taka yakiendelea kuingia, ziwa litazidi kuwa kijani na kunuka. Na yakizuiwa, ziwa litapona. Yeyote angeweza kusubiri miaka michache na kumwita mwongo.

Kura mbili za mwaka 1958

Tatizo halikuwa la kisayansi peke yake. Kitongoji kimoja kikifunga bomba lake na jirani akaacha lake wazi, ziwa halifaidiki. Palihitajika chombo kimoja cha pamoja, na chombo hicho kilihitaji ridhaa ya wapiga kura na fedha zao.

Mwezi Machi mwaka 1958 pendekezo lilipelekwa kwa wananchi. Lilichanganya mambo matatu: maji taka, usafiri wa umma na mipango ya ardhi. Wapiga kura wa Seattle walilikubali, lakini sheria ilidai pia wingi wa kura nje ya mji, na huko lilikataliwa. Wapo wangesema watu wa vitongoji ni wajinga, wakaishia hapo. Ellis na wenzake walirudi kwa watu. Waliondoa usafiri na mipango ya ardhi, wakabakiza maji taka, wakaeleza upya. Mwezi Septemba mwaka huohuo pendekezo lilipita pande zote mbili.

Mradi uligharimu zaidi ya dola milioni 100, na waliolipa ni wakazi wenyewe. Bomba la kwanza liligeuzwa mwaka 1963, la mwisho mwaka 1968. Kabla ya kazi kuanza, ziwa lilikuwa likipokea takriban galoni milioni 20 za maji yaliyotoka mitamboni kila siku. Edmondson na wanafunzi wake waliendelea kupima. Chombo chao kimojawapo kilikuwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba: unaishusha majini hadi isionekane, unaandika kina. Katika kiangazi cha mwaka 1964 sahani ilitoweka ikiwa mita 1 tu chini ya uso wa maji. Mapema miaka ya 1970 ilionekana hadi karibu mita 3. Kuanzia mwaka 1976 vijidudu vya majini viitwavyo Daphnia, ambavyo hula mwani, viliongezeka, na maji yakawa maangavu kuliko hata Edmondson alivyotarajia.

Kipimo hicho kilisaidia pia mbali na Seattle. Wakati ule watengenezaji wa sabuni za kufulia, zilizokuwa na fosforasi nyingi, walibisha kwamba fosforasi si chanzo cha tatizo. Daftari la Ziwa Washington liliwajibu: fosforasi iliposhuka, mwani ulishuka pamoja nayo, ilhali naitrojeni haikufuata njia hiyo.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Maji taka yale hayakutoweka duniani. Yalipelekwa Puget Sound, baada ya kusafishwa katika mitambo mikubwa zaidi. Raia walichagua mahali penye maji mengi yanayosukwasukwa na mikondo ya bahari, wakijua wanachokichagua. Uamuzi wa umma mara nyingi ndivyo ulivyo: huchagua mzigo upi ubebwe, na nani, na wapi. Ndiyo maana ni lazima wanaoamua waelewe.

Taa tano na swali moja

Sasa tuhamie jengo jingine la chuo hichohicho. Kuanzia miaka ya 1970, Lillian McDermott na wenzake katika idara ya fizikia walianza kuwachunguza wanafunzi wao kwa umakini uleule ambao Edmondson aliutumia kuchunguza ziwa. Jaribio lao moja lilikuwa na taa tano zinazofanana na betri tatu zinazofanana. Taa moja iko peke yake na betri yake. Mbili zimeunganishwa zikifuatana katika njia moja. Mbili nyingine zimeunganishwa sambamba, kila moja na njia yake. Zipange kwa mwangaza wake. Hakuna hesabu. Jibu ni kwamba taa iliyo peke yake na zile mbili za sambamba huwaka sawasawa, na zile zinazofuatana huwaka kwa ufifi.

Wanafunzi waliokwisha kufundishwa umeme, wakaweza kukokotoa kanuni zake, walipoulizwa swali hili, waliopata jibu sahihi walikuwa takriban asilimia 15 tu. Mhadhara ulikuwa umetolewa, daftari zimejaa, na dhana potofu zimebaki palepale. Maji yalionekana safi, na fosforasi imo ndani.

Mwaka 2014 Scott Freeman wa chuo hicho, pamoja na wenzake, walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na masomo ambamo mwanafunzi hushirikishwa: huulizwa, hubashiri, hujadiliana na mwenzake, hujaribu. Katika mihadhara mitupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 34 hivi. Katika masomo shirikishi, asilimia 22 hivi. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine uliotoka hapohapo ulionyesha kwamba ufundishaji shirikishi hupunguza kwa asilimia 33 pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao. Zitafakari tarakimu hizo. Nyuma ya kila asilimia kuna kijana aliyerudi nyumbani akiamini hana akili, kumbe njia ya kumfundisha ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Niseme langu. Kwa miaka kadhaa nilifundisha ngeli kwa kuzipanga ubaoni na kuwaimbisha wanafunzi. Walizikariri bila kukosea. Kengele ya mapumziko ikilia, mwanafunzi yuleyule aliyeitaja ngeli ya KI-VI kwa ufasaha aliniambia, “Mwalimu, kitabu imeanguka.” Nilimlaumu yeye. Siku hizi natanguliza sentensi tatu bila maelezo, kila mmoja anaandika ipi anadhani ni sahihi, kisha anambishia jirani yake kwa hoja. Darasa lina kelele zaidi, na nimeshateremka ngazi moja kutoka kwenye kiti changu cha enzi. Lakini kitabu sasa kinaanguka.

Na sisi wa Nalubaale?

Sisi tunaoishi Uganda tuna ziwa letu, Nalubaale, ambalo ramani huliita Viktoria. Daftari nalo tunalo. Mji wa Jinja ulipata kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki mwaka 1947, na mwaka 1960 na 1961 mtafiti J. F. Talling alilipima ziwa akiwa hapo. Mwaka 1993 mtafiti wa Uganda, Rose Mugidde, alichapisha ulinganisho na vipimo hivyo vya zamani: uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili. Jijini Kampala, mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya mji na kuelekea Ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji.

Siwezi kudai kwamba yaliyowezekana Seattle yatawezekana kwetu kwa mkato. Nalubaale ni kubwa mara mamia, lina nchi tatu kandoni mwake, na mbolea yake hutoka mashambani na hewani pia, si katika mabomba tu. Linalofanana ni jambo moja. Vipimo tunavyo, na wataalamu wetu wamevipata kwa jasho. Swali ni kama mvuvi, mama muuza samaki, diwani na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili wamewahi kuulizwa maoni yao juu ya vipimo hivyo, wakajibiwa kwa lugha wanayoielewa, wakaachwa wabishe. Tangazo la redio linaloamuru “Tunzeni ziwa” ni mhadhara mtupu. Asilimia tumeziona.

Ndiyo maana nimesema pengine hizi si habari mbili. Edmondson aliokoa ziwa kwa sababu alikuwa mtafiti hodari, naam, lakini pia kwa sababu aliwachukulia raia kama wanafunzi wanaoweza kufikiri. McDermott na Freeman walitupa ushahidi kwamba kila mwanafunzi anastahili kuchukuliwa hivyo.

Basi, msomaji wangu, kabla hatujaagana, nikuachie kazi ya nyumbani kama ilivyo desturi yetu hapa. Maji unayokunywa leo yametoka wapi, na maji uliyoyamwaga asubuhi yameelekea wapi? Andika kwanza unachodhani. Kisha nenda kwa diwani wako, au ofisi ya maji iliyo karibu nawe, ukaulize. Ukikuta ulikosea, usione haya. Kuuliza si ujinga. Na ukiweza, nenda na mtoto mmoja.