Kumpata mwanasaikolojia anayelipiwa na SHA hapa Pwani: pa kuanzia na maswali ya kuuliza

Binti wa dada yangu alirudi kutoka Saudia na begi moja na simu iliyopasuka kioo. Wiki ya kwanza tulidhani ni uchovu wa safari na wa kazi za nyumba za watu. Kufikia wiki ya tatu alikuwa halali usiku, hali chakula na watu, na mlango wa jikoni ukifungwa kwa kishindo alikuwa akiruka na kujikunyata pembeni. Dada yangu akanipigia: "Kaka, huyu mwana si yule niliyempeleka uwanja wa ndege."

Tulianza pale ambapo nyumba nyingi za kwetu huanza. Alisomewa, akanywa kombe, akatiwa mafuta ya zaituni. Silidharau hilo, na yeye mwenyewe alisema kisomo humtuliza. Lakini shehe, Mungu amjaze kheri, alitwambia Ijumaa ya tatu: "Kisomo tutaendelea nacho, na hospitali mpelekeni pia." Hapo ndipo safari ilipoanza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua anatafutwa nani, yuko wapi, na nani atalipa.

Ofisi moja ya binafsi niliyopiga simu ilitaka shilingi 4,000 kwa saa moja, na walipendekeza tuje kila wiki. Nikauliza kama wanapokea SHA. Yule wa mapokezi alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Hapa ni pesa taslimu, ama bima ya kampuni." Niliyojifunza baada ya hapo nayaandika kwa ajili ya yule ambaye leo ana mgonjwa chumbani na hajui aanzie wapi.

Unamtafuta nani hasa?

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea katika akili, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki haandiki dawa. Kazi yake ni kupima tatizo na kulitibu kwa mazungumzo yaliyopangwa, kikao baada ya kikao, na kwa kawaida ana shahada ya uzamili katika fani hiyo. Kisha wako washauri nasaha, ambao elimu yao hutofautiana sana. Usimsahau muuguzi na afisa wa kliniki waliosomea afya ya akili, kwa sababu katika hospitali za umma za Pwani mara nyingi hao ndio utakaokutana nao mwanzo, na wengi wanaijua kazi.

Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo kumwomba mtu leseni yake si utovu wa adabu. Fundi wa gari tunamuuliza alisomea wapi, sembuse anayeingia kichwani mwa mtoto wako.

SHA inalipa kituo, haimlipi mtu

Hili ndilo lililonipotezea mwezi mzima. Nilikuwa nikiuliza, "Mwanasaikolojia gani anapokea SHA?" Swali hilo limekaa vibaya. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hufunga mkataba na kituo cha afya. Mwanasaikolojia mwenye chumba chake ghorofani mjini, hata awe bingwa namna gani, SHA haitamlipa ikiwa anafanya kazi nje ya kituo chenye mkataba. Basi tafuta kwanza hospitali yenye mkataba, kisha uliza kama ndani yake kuna kitengo cha afya ya akili na kama kuna mwanasaikolojia.

Jambo la pili ni mifuko. Zahanati na vituo vya afya vya umma hulipwa kutoka mfuko wa afya ya msingi, na kwa huduma hizo inatosha uwe umesajiliwa tu, hata kama hujalipa mchango. Hospitali za kiwango cha nne kwenda juu zinahusu mfuko wa pili, ule wa michango, na huko lazima uwe umelipa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa cha mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mvuvi au mama wa viazi karai hilo si jambo dogo, ndiyo maana serikali ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kupitia tovuti ya Afya Yangu.

Angalia na hili: kijana mwenye kitambulisho chake huenda hayumo tena chini ya jina la baba. Binti yetu alikuwa amekaa nje ya nchi, na kadi yake ya zamani ya NHIF haikuwa na kazi tena. Ilibidi asajiliwe upya kwa jina lake, na mgonjwa asiyetaka kuzungumza na mtu si rahisi kumketisha ajibu maswali ya simu. Fanyeni hilo mapema, siku ambayo ametulia.

Watumishi wa serikali wana mpango wao wa ziada ndani ya SHA. Waulize ofisini kwenu kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Wapi pa kubisha hodi

Mombasa, kitengo cha akili kinachojulikana zaidi kiko Port Reitz, upande wa Changamwe. Wako ambao wakisikia jina hilo hushusha sauti. Wazee wetu walilitumia kama tusi, na aibu hiyo imewazuia watu wengi kwenda. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, ndiyo ya rufaa kwa eneo zima. Kwa walio kaskazini, hospitali ya kaunti mjini Kilifi na ile ya Malindi ni pa kuanzia, na Malindi ndipo ushauri nasaha ulipotolewa kwa familia za Shakahola mwaka 2023, baada ya kufukuliwa miili zaidi ya 400. Aliye Kwale, Lamu au Tana River aanze na hospitali ya kaunti yake aombe barua ya rufaa. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, kwa hiyo usiombe kama unaomba sadaka. Mathari, Nairobi, ni ya mwisho, pale hospitali za huku zinapokupeleka.

Kabla ya kupanda matatu, piga simu au mtume mtu aulize haya: kliniki ya akili ni siku gani (mara nyingi si kila siku)? Mwanasaikolojia yupo, au ni muuguzi na daktari peke yao? Kikao cha mazungumzo kinalipiwa na SHA hapa, au ni kumuona daktari tu? Dawa je? Barua ya rufaa inatakiwa?

Swali la kikao ndilo la kukaza. Huduma ya afya ya akili imo katika orodha ya mafao ya SHA, lakini orodha na dirisha la malipo ni vitu viwili. Hospitali moja, sitaitaja, ilinijibu kwa simu, "Ndiyo, tunachukua SHA." Tukafunga safari na mgonjwa, tukapiga foleni tangu saa moja asubuhi, na saa tano karani akasema SHA ni kwa waliolazwa, sisi tulipe. Binti alikuwa ameshaanza kutetemeka. Tulirudi nyumbani, na ilichukua wiki mbili kumshawishi atoke tena. Siku hizi nauliza jina la ninayezungumza naye, nami nauliza neno kwa neno: "Kikao cha mgonjwa wa kurudi nyumbani, SHA italipa chote?" Ukiambiwa hapana, nenda dirisha la ustawi wa jamii la hospitali hiyo hiyo. Maafisa wa pale wanaweza kukupunguzia.

Kwa wasichana, ombeni mwanasaikolojia wa kike mapema kama mgonjwa anataka hivyo. Ulizeni pia lugha. Mambo yaliyompata mtu ndani ya nyumba ya watu hayasemeki kwa Kiingereza.

Hali ikiwa mbaya

Kama mgonjwa anazungumzia kujiua, usisubiri siku ya kliniki wala usajili. Mpeleke hospitali iliyo karibu, na usimwache peke yake. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Msalaba Mwekundu wana simu ya bure, 1199, yenye washauri. Kwa mtoto ni 116. Kwa aliyetekwa na dawa za kulevya ni 1192 ya NACADA.

Sisi tulimpata mwanasaikolojia katika hospitali ya tatu. Ni mama mtu mzima, anaongea taratibu. Kikao cha kwanza binti hakusema neno, wa pili alilia tu, na wa nne akaomba mamake atoke nje ili aseme. SHA imelipia vikao, dawa moja tumenunua wenyewe. Miadi ijayo ni Alhamisi, nasi tutatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya feri.