Mashine Kwenye Meza ya Wakili

Kazi ya kwanza ambayo wanasheria waliikabidhi kompyuta ilikuwa kusaka maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilitakiwa kubadilishwa istilahi iliyotumika kuwataja watoto wenye ulemavu wa akili katika sheria za jimbo. Wanafunzi walipewa vitabu wavipitie, na bado sehemu kadhaa ziliwapita. John Horty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh akaziingiza sheria hizo kwenye kompyuta kwa kadi za matundu, ili mashine ionyeshe kila neno lilipo. Huko Ohio, mawakili walianzisha mradi wao wa aina hiyo mwaka 1967, na mradi huo ndio uliozaa Lexis, huduma ya kutafuta sheria na hukumu iliyofunguliwa mwaka 1973.

Haja ilikuwa kubwa. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, uamuzi wa mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini. Wakili asiyeijua hukumu inayomfaa mteja wake anaweza kushindwa kesi ambayo angeshinda.

Lakini mapema kabisa ilidhihirika kwamba mashine inaweza kumridhisha wakili bila kumtimizia haja. Mwaka 1985, David Blair na M. E. Maron walichapisha utafiti kuhusu kesi moja yenye hati zipatazo 40,000. Mawakili waliamini kwamba kompyuta ilikuwa imewapatia angalau asilimia 75 ya hati zilizowahusu. Kumbe walikuwa wamepata kama asilimia 20 tu. Ajali iliyozua kesi hiyo haikuitwa ajali na kila mwandishi: wengine waliandika tukio, wengine hali, wengine tatizo. Mashine ilileta neno ililoulizwa, na mawakili hawakuwa na namna ya kuyaona yaliyobaki nyuma. Hakuna utafiti wa zama hizo unaostahili kusomwa leo kuliko huu.

Watafiti wengine walitaka mashine ifikie uamuzi yenyewe. Mwaka 1986, Marek Sergot, Robert Kowalski na wenzao wa Imperial College, London, waliigeuza Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 kuwa programu ya kanuni za mantiki. Ilifanya kazi vizuri mahali ambapo sheria inataja tarehe, wazazi na mahali pa kuzaliwa. Ilikwama pale ambapo sheria inamwachia waziri aamue kama mtu ana tabia njema, kwa kuwa hapo hakuna kanuni ya kuandika.

Baadaye mashine ilirudi kwenye kazi ya kutafuta, safari hii ikijifunza kwa mifano. Katika kesi ya Da Silva Moore ya mwaka 2012, Jaji Andrew Peck wa New York aliruhusu barua pepe zipatazo milioni tatu zichambuliwe na programu iliyofundishwa kwa mifano iliyochaguliwa na mawakili. Pande zote mbili ziliweza kukagua sampuli za matokeo, na hapo ndipo palipokuwa na kinga dhidi ya makosa.

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kinga hiyo haikuwepo. Akili mnemba ya aina hii hutunga maneno yanayoelekea kufuatana. Kwa asili yake haichomoi hukumu kutoka maktaba. Katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wa mdai waliwasilisha hukumu sita zilizotungwa na ChatGPT, ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote. Mmoja wao aliiuliza programu ileile kama hukumu mojawapo ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Juni 2023, Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000 na kuwaamuru wawaandikie barua majaji waliosingiziwa hukumu hizo.

Mwaka 2024, Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa mwongozo: wakili ahakiki kazi ya mashine, alinde siri za mteja, na asimtoze mteja kwa saa ambazo mashine imemwokolea. Hata hivyo, Juni 2025, Mahakama Kuu ya Uingereza ilikutana na shauri lililotaja rejea 45, na 18 kati yake hazikuwepo. Jaji Victoria Sharp alionya kwamba kosa hilo linaweza kuwa kuidharau mahakama, na katika hali mbaya zaidi, jinai ya kupotosha haki. Aliwataka pia wakuu wa ofisi za mawakili wachukue hatua za kuhakikisha kila wakili aliye chini yao anaujua wajibu wa kuhakiki.