Hati, dawati na mswada: Maneno ya mwandishi wa kale yaliyohamia afisini

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alidai majuzi kwamba Kiswahili hakina neno lake lenyewe la sanaa ya kuandika kwa ustadi na madoido, ati ndiyo maana tunalazimika kukopa 'kaligrafia'. Sikubaliani naye. Neno lipo na tunalitamka kila uchao, ila tumelipeleka kwenye afisi ya ardhi likasahau kazi yake ya kwanza.

Neno lenyewe ni 'hati'. Limetokana na 'khatt' la Kiarabu, lenye maana ya mstari, mwandiko, na pia ile sanaa ya kuandika herufi kwa ufundi. Maana hiyo haijafa kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi anapodai 'hati nadhifu' hazungumzii cheti. Tuna 'hatimkato', na wahariri wana 'hati za mlazo'. Lakini hebu mwambie jirani yako kuwa hati yako imepotea. Atakuuliza: ya shamba ama ya nyumba?

Wapo wanaosema 'mwandiko' linatosha. Hapana. Kitenzi 'andika' ni cha Kibantu, na tangu zamani kimebeba maana ya kupanga vitu mahali pake. Wazee husema kuandika meza, yaani kupanga vyombo vya chakula. Mwandiko basi ni namna mkono wa mtu unavyopanga herufi, uwe mzuri au mbaya. Hata daktari ana mwandiko! Hati katika maana yake ya kisanaa ina kanuni, ina vipimo, na hufunzwa na bingwa.

Mabingwa hao tulikuwa nao. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa kunakili misahafu kwa mkono na kuijalidi. Mwandishi wa enzi hizo alichonga kalamu yake kutokana na tete. 'Kalamu' ni 'qalam' ya Kiarabu, inayohusishwa na neno la Kiyunani la tete hilohilo. Mtoto wa leo anapotafuta kichongeo cha penseli anaendeleza kitenzi cha kale bila kujua.

Kando ya kalamu palikuwa na kidau cha wino. Hapa pana kioja. Kwa Kiarabu, 'dawat' ni chombo cha wino. Kwetu 'dawati' likawa meza ya kuandikia, kisha meza yoyote ya mwanafunzi, na sasa tunasikia habari za 'dawati la jinsia' katika kituo cha polisi, ambako huenda hakuna hata tone la wino.

'Mswada' nao? Mzizi wake katika Kiarabu ni weusi. Karatasi ya kwanza, iliyojaa mafuto na masahihisho, iliitwa kwa weusi wake. Nakala safi iliyofuata iliitwa kwa weupe. Sisi tulichukua ile nyeusi tu. Mswada unapofikishwa Bungeni ukiwa na marekebisho chungu nzima, neno limetumika barabara kuliko wabunge wenyewe wanavyodhani. 'Katibu', aliyekuwa mwandishi tu, sasa ana gari na dereva.

Kwa nini maneno haya yalihama? Kazi yenyewe iliondoka mikononi mwetu. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu; mswada wa Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Herufi hizo hazikutosha: Kiarabu hakina 'p' wala 'ch', na alama zake za irabu ni tatu ilhali irabu zetu ni tano. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890 na ambaye ndiye aliyetunakilia tungo za Muyaka bin Haji, aliongeza alama ili msomaji asikisie. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alishughulikia suala hilohilo. Hata hivyo, wamishonari na baadaye serikali ya kikoloni walishika herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha ya 1930 ikasanifisha tahajia hiyo.

Hasara yake haikuishia kwenye kamusi. Katika nyumba nyingi za pwani karatasi hizo zimo sandukuni, na warithi huziita 'makaratasi ya Kiarabu'. Kumbe nyingine ni Kiswahili kitupu: utenzi, barua, hesabu ya deni, tiba. Anayezidhania kuwa za Kiarabu hatazipeleka kwa msomi wa Kiswahili, na mchwa hawangoji.

Ndiposa napendekeza tuseme 'sanaa ya hati', na anayeifanya tumwite 'bingwa wa hati'. 'Kaligrafia' ibaki kwa anayelihitaji, lakini lisiwe la kwanza vitabuni. Na zile karatasi tuziite 'miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu'. Jina ni refu, najua, lakini anayelisikia atajua amwite nani aje kuzisoma.